Mzimu haukuombwa radhi

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Tuko barazani kwa bibi, Mikindani, mimi nimeegemea nguzo nasoma kwa tochi ya simu huku nafukuza wadudu wanaofuata mwanga, bibi kajilaza ubavu kwenye mkeka kafumba macho, nikajua kasinzia kitambo, nasomea popo. Nikamaliza ukurasa wa mwisho. Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, kashamaliza kazi yake, muuaji kajulikana, kila kitu kimekaa mahali pake. Nikafunga kitabu, nikasema, "Haya bibi, kimeisha."

Kimya.

Afu bila hata kufumbua macho akauliza: "Mbona mzimu hawakuuomba radhi?"

Nikacheka. Nikamwambia bibi, mzimu ni mahali tu, haukuwa na hatia, ndo maana yenyewe ya hadithi. Akasema, "Si ndo nauliza mimi. Tangu siku ya kwanza watu mzimu umeua, mzimu umeua. Leo wamejua ni mtu. Kuna aliyerudi pale akasema jamani tulikusingizia?"

Akageukia ukutani. Dakika mbili nyingi, anakoroma.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Leo tuko mwezi wa pili na swali halijanitoka. Na bibi namjua, nimeishi nae miaka thelathini na ushee, hasemagi kitu hivihivi.

## Vitabu 23

Mwaka 2024 nilijiwekea ahadi ya kusoma vitabu 30, aina mbili tu, upelelezi na fantasia, basi. Nikaishia 23. Sijutii. Mimi nina kisteshenari changu hapa Mtwara mjini, natoa fotokopi, nachapa, naweka laminesheni, na mtu asikudanganye, anayetoa fotokopi anasoma. Siku nzima yanapita mikononi mwangu mambo ya watu, barua za kuacha kazi, mikataba ya viwanja, talaka, vyeti vya vifo, hadithi ambazo siruhusiwi kuuliza zimeishaje. Jioni nikifunga duka nilikuwa nataka hadithi ya mtu ambaye hayupo, ambaye sitakutana nae sokoni nikajifanya simjui.

Vingine nilinunua vya mtumba, vingine shoga yangu alikuwa ananipakilia kwenye basi kutoka Dar. Mwezi wa tano kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika huko Somanga, kifurushi changu kikalala Dar na mimi nikalala njaa ya vitabu. Ndo nikaanza kufukua maboksi ya zamani. Ndo nikamkuta Bwana Msa, jalada limeliwa na mende.

Lakini nianze na Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya, maana yeye ndo nilianza nae Januari. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa, jamaa anatumwa kuzisaka, kuanzia hapo ni ngumi na risasi na wanawake wazuri mpaka mwisho, ukiwa kijana unaona raha, ukiwa na umri wangu unaona raha vilevile ila unaguna kidogo. Kwetu Kusini kile kitabu kina ladha yake, maana wapigania uhuru kwetu si watu wa kwenye riwaya, FRELIMO wa Msumbiji walikuwa na kambi yao Nachingwea hapo, na wazee wetu malori ya usiku wanayakumbuka.

Sema Gamba hana washukiwa. Ana maadui. Adui anajulikana mapema, kilichobaki ni kumfikia kabla hajakufikia wewe.

Bwana Msa ni kitu kingine kabisa. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la kuandika hadithi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960, na kabla hajawa mwandishi wa magazeti alifanya kazi idara ya afya, mkaguzi. Bwana afya! Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu dukani, mteja akanitazama. Maana Bwana Msa ndo alivyo hasa, anaingia nyumba ya mtu kama aliyekuja kuangalia mtungi una kifuniko au hauna, anavuta kiko chake, anatazama, hasemi.

Bibi alimpenda tangu usiku wa kwanza. Najum, yule rafiki anayefuatana nae, hakumpenda hata kidogo. "Huyu kila saa anashangaa," alisema. "Mtu wa kushangaa kila saa hata nazi hawezi kukuna."

## Washukiwa wanaenda wapi

Baada ya lile swali nilishindwa kusoma kitabu cha upelelezi kama zamani. Nilikuwa nasoma huku namtafuta mtu mmoja tu, yule aliyesingiziwa.

Na wapo wengi! Bila wao hakuna kitabu. Mwandishi anakupa maiti moja na watu sita, anajua mmoja ndo kafanya, ila kurasa mia mbili anakuchafulia wote sita ili usichoke. Agatha Christie kwa hilo ni fundi, mpelelezi wake Poirot anawakusanya sebuleni, anawazungukia mmoja mmoja, wewe bwana una madeni na ulidanganya ulikolala siku ile, wewe mama yule mtoto si wa mumeo, wewe kijana ulishafungwa jina lako sio hilo, halafu anageuka: lakini muuaji si wewe, wala si wewe, ni yule pale. Polisi wanamchukua yule pale. Sisi wasomaji tunapumua.

Na wale watano?

Wamekaa sebuleni. Siri zao ziko juu ya meza na chai imepoa. Yule mama na mumewe watarudi nyumba moja usiku huo. Kitabu kinafungwa hapo, kama fundi aliyebomoa ukuta kutafuta bomba linalovuja, kalipata, kaziba, kachukua hela yake kaondoka.

Nikaanza kuhesabu, nyuma ya daftari la madeni ya dukani. Vitabu 14 vya upelelezi nilivyosoma mwaka ule, washukiwa waliochafuliwa halafu ikajulikana hawamo: 61. Walioambiwa pole, angalau neno moja: wawili. Mmoja kati ya hao wawili aliishia kuolewa na mpelelezi, sijui kama na hiyo tuihesabu.

Yaani najua, hiki ni kitu cha kipuuzi kuhesabu. Mtu anasoma riwaya apoteze mawazo, mimi nakaa na kalamu naandika vijiti vitano vitano kama mtu wa ghala la korosho. Lakini mkono ulikuwa unataka kuhesabu, na mkono mara nyingi unajua kitu kabla ya kichwa.

## Bibi na wachawi wazuri

Fantasia ilinishinda kumweleza bibi. Si hadithi, hadithi anaelewa kuliko mimi, tatizo ni neno. Kuna kitabu cha Ursula Le Guin, kimetoka 1968, kuhusu kijana anaitwa Ged anayesomea, sasa niseme nini, uchawi. Nikamwambia bibi ni mchawi lakini mzuri.

"Mchawi mzuri?"

"Ndio bibi. Anatuliza upepo baharini, anasaidia watu."

"Huyo mganga."

"Sio mganga, haagui mtu."

"Basi mchawi," akasema, na uso ukafunga.

Hapo nikajifunza kitu. Wazungu wana neno la mtu wa aina hiyo, wanamvika kofia ndefu wanampa na ndevu, watoto wanampenda. Sisi neno letu likishatamkwa kesi imeisha. Hakuna mchawi mshukiwa. Ukiitwa tu, ushahukumiwa.

Na hayo mazimwi yao nayo yananichekesha, wanayatunga vitabuni na ramani zake wakati sisi la kwetu tulilibeba. Wajerumani walichimba Tendaguru, huko Lindi, 1909 mpaka 1913, mifupa ya dinosaria, mikubwa kuliko mtu anavyoweza kueleza, ikabebwa kichwani na mabegani na watu wa huku mpaka bandarini Lindi, leo dude lenyewe limesimamishwa Berlin, linapita mita 13 kwenda juu. Ila hayo ni mengine, nisipotee.

Nilipokuwa najaribu kumtafutia bibi fantasia ambayo haina hilo neno, nikarudi kwa Shaaban Robert. Adili na Nduguze, 1952. Ndugu wawili waliomtosa mwenzao baharini kwa husuda wakageuzwa manyani, na huyo mwenzao kalazimishwa awachape kila usiku, anawachapa huku analia, halafu anawalisha. Wanaojua wanasema mzizi wake uko kwenye Alfu Lela Ulela, kule walikuwa mbwa, Shaaban akawafanya manyani. Mwishoni wanasamehewa, wanarudi kuwa watu. Nilikisoma shule nikijibu mtihani, safari hii nilikisoma nikaona kitu ambacho mwalimu hakukitaja, kwamba kile kitabu hakina haja hata kidogo ya kukuficha nani kafanya. Unajua. Kazi yote iliyobaki ni watu watarudije kuwa watu.

Kusadikika nacho, 1951, nchi iliyo hewani. Karama kashitakiwa, na badala ya kumweka pembeni wakati wakubwa wanabishana, kitabu kinampa yeye nafasi aongee, anaongea siku baada ya siku, na anachoongea ni habari za wajumbe waliotumwa mbali wakarudi na kheri, malipo yao yakawa kifungo. Mshitakiwa ndo anashika hadithi. Nilimsomea bibi sehemu ile yote mfululizo, koo likakauka, nikanyamaza nikanywa maji.

Bibi akasema, "Soma bana, mke mwenzangu. Huyu angalau wamemuuliza."

Angalau wamemuuliza.

Mara ya pili ile. Sasa nikajua hatuongelei vitabu.

## Kioo na unga

Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa korosho wa 2001. Bibi alikuwa hajahamia Mikindani, tulikuwa kijijini upande wa Newala, babu kashafariki, nyumba moja tunakaa bibi, mama, mjomba na mkewe na mtoto wao mchanga, mimi na kaka yangu. Mke wa mjomba sisi watoto tulimwita anti. Alikuwa wa Lindi, anaongea haraka, anacheka kwa sauti, na kila mtu alikuwa anasema hiyo ni tabia ya watu wa pwani.

Hela za korosho, laki moja na themanini, bibi alizifunga kwenye kipande cha kanga akaweka kwenye sanduku la bati chumbani kwake. Siku moja akafungua sanduku, kipande cha kanga kipo, kimekunjwa vizuri, hela hamna.

Mjomba ndo alisema aitwe mtaalamu. Mjomba ndo alikwenda kumleta.

Mzee alikuja na kioo na unga kwenye kikopo cha maziwa ya unga, tukakalishwa uani wote, mchana, jua kali. Akasema ataanza na watoto kwa sababu watoto hawadanganyi. Kaka alikuwa shambani. Nikabaki mimi.

Akaniuliza, "Nani anaingia chumba cha bibi yako?"

Nikatazama watu. Wote wananitazama. Nikasema, "Anti."

Na ni kweli, jamani. Anti alikuwa anaingia kila siku ya Mungu. Ndo alikuwa anafagia, ndo anatandika kitanda cha bibi, ndo anatoa ndoo asubuhi. Nimeulizwa nani anaingia, nikamtaja anayeingia. Sikuulizwa nani kachukua. Na mimi pia nilikuwa naingia, bibi alikuwa anaficha sukari nyuma ya lile sanduku, hilo sikusema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa anajua siku nyingi. Akamwaga unga kwenye kioo. Kioo nacho kikaona hivyohivyo.

Hakuna aliyempiga anti. Hakuna aliyekwenda polisi. Ningekuwa naandika riwaya hapa ningeweka vurugu, lakini haikuwa hivo, watu walikuwa wapole, walimsalimia wakitazama pembeni, wakila wanasogeza bakuli. Alikaa siku nne. Ya tano akaondoka na mtoto mgongoni na mfuko mmoja, na baadae mjomba akapeleka talaka. Hela hazikuonekana.

Mjomba amefariki 2016.

## Daftari la madeni

Sasa mtu aliyetoka kusoma vitabu 14 vya upelelezi mtampa hiyo habari afanye nini?

Desemba nilianza uchunguzi. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndo sehemu inayonitia aibu. Nilikaa dukani jioni, nikafungua daftari lilelile la vijiti, nikaandika majina ya waliokuwepo, nani alikuwa wapi, nani alikuwa na shida ya hela. Nikakumbuka mjomba msimu ule alinunua redio. Nikakumbuka alikuwa anarudi usiku kanywa uraka, na uraka wa mabibo ni bei ya bure lakini wa kuwanunulia wenzako kila siku si bure. Nikakumbuka yeye ndo kashauri mtaalamu, yeye ndo kamfuata. Walikuwa na saa tatu njiani wawili peke yao.

Nywele zilinisimama. Kiukweli nilisikia raha. Ile raha ya ukurasa wa mia na tisini, ukishajua na kitabu bado hakijasema.

Nikaenda kwa mama Jumapili, tunachambua ming'oko jikoni, nikaanza kwa mbali, mama unakumbuka ile habari ya hela za bibi. Mama hakuinua kichwa. Nikamwambia nadhani ni mjomba, nikataja redio, nikataja saa tatu za njiani, yaani nilimpangia vizuri kabisa kama Poirot. Mama akamenya ming'oko kama mitatu hivi.

"Marehemu muache apumzike," akasema. Halafu akasema, "Na wewe usijilaumu. Ulikuwa mtoto."

Sikuwa nimejilaumu.

Sikuwa nimejitaja kabisa. Nimekuja na mjomba, redio, uraka, mtaalamu, mimi mwenyewe kwenye ile hadithi nilikuwa jicho tu, mtu wa kusimulia, Najum wa kushangaa. Kumbe nyumba nzima miaka yote hii, wakinitazama nakua, nasoma, nafungua duka, walikuwa wanakumbuka nani alifungua mdomo uani siku ile, na kwa upendo wao wakakaa kimya, na kwa ule upendo wao hakuna aliyewahi kuniambia kuna kitu cha kurekebisha.

Ged kwenye kile kitabu anaachia kivuli duniani kwa kiburi chake, kinamuwinda miaka, mwisho anageuka anakikimbiza yeye mpaka katikati ya bahari, akikifikia anakiita kwa jina lake, na jina lenyewe ni Ged. Nilikisoma mwezi wa nane nikaandika pembeni "safi sana". Safi sana! Wakati mwingine ninajishangaa.

Usiku ule nilitazama lile daftari. Mjomba yuko kwenye mstari wa tatu, nimemzungushia duara kwa kalamu nyekundu. Ushahidi wangu ni redio. Yule mzee wa kioo alikuwa na mtoto wa miaka tisa, mimi nina redio, na mtu niliyemzungushia duara hawezi hata kuniuliza kaburini wewe ulijuaje. Labda aliiba. Inawezekana kabisa aliiba. Lakini nilijiona nilivyokuwa nakimbilia, nilikuwa nataka apatikane mwingine haraka ili ile kesi ifungwe na mimi nitoke sebuleni na wengine.

Bibi hakuuliza nani kaua. Alishajua nani kaua, nilishamsomea.

## Samaki

Namba ya anti niliipata kwa binamu yangu, yule mtoto wa mgongoni, sasa ni mtu mzima yuko Dar, tumekuwa marafiki wa Facebook miaka sita tunapeana hongera za birthday tu. Aliniuliza, "Unaitaka ya nini?" Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikaandika, "Nataka nikamsalimie." Akakaa siku mbili ndo akatuma.

Jumamosi moja ya Januari nilifunga duka nikapanda basi. Mtwara na Lindi si mbali, ni kama kilomita mia moja hivi, mara nyingi nimepita, ila siku ile kila kituo nilikiona kifupi. Tulipofika Mnazi Mmoja, gari inakata kulia kushuka Lindi mjini, nilitamani nishuke nipande ya kurudi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye simu.

Anti anakaanga samaki nje kwake jioni, anauza na mihogo. Kanenepa, nywele zina mvi mbele. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, wa shilingi ngapi mwanangu? Kanidhani mteja. Nikamtajia jina la bibi. Mwiko ulisimama hewani, mafuta yanadondoka, afu akaendelea kugeuza. Akaniletea kigoda.

Yale ya kwenye simu sikuyasoma. Nilisema tu ovyo, nikaanza mwisho nikarudi mwanzo, nikamwambia habari ya kuulizwa nani anaingia na mimi nikasema nini, nikamwambia na mimi nilikuwa naingia naiba sukari, katikati akaja mteja akataka vipande viwili na pilipili nyingi nikanyamaza, mteja akawa hana chenji, tukasubiri chenji itafutwe kwa jirani, nikaendelea. Nikasema samahani. Ilisikika ndogo sana, kama samahani ya kumkanyaga mtu kwenye daladala.

Anti hakulia wala hakunikumbatia. Alipunguza moto. Alikaa muda, anatazama karai.

"Hivi zilikuwa shilingi ngapi?" akauliza.

Sikumuelewa.

"Hizo hela. Hakuna aliyewahi kuniambia. Walisema hela za bibi, hela za bibi, sikuambiwa ni ngapi."

Nikamwambia laki moja na themanini.

"Laki na themanini," akasema. Akarudia tena, polepole, kama anapima kitu mkononi. "Huku ilifika ni milioni mbili. Baba yangu amekufa anaamini nina milioni mbili nimezificha mahali. Mpaka anakata roho ananiangalia."

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha sauti, kikaishia katikati.

Tulikaa mpaka giza. Aliniuliza habari za mama, za kaka. Hakuuliza za mjomba. Akaniuliza bibi anaona? Nikasema haoni vizuri tena, macho yana ukungu, namsomea vitabu usiku. Vitabu gani? Nikasema vya polisi na majini. "Anapenda?" Anapenda, nikasema, ila ana maswali.

Nilipoaga alifunga vipande sita kwenye gazeti, akaweka na ndimu mbili. Akasema, "Mpelekee. Usimwambie ni mimi." Nimeshapiga hatua kumi hivi, akaniita. "Au mwambie. Sijui. Utaona mwenyewe."

Basi la usiku lile lilinuka samaki mpaka Mikindani, konda akalalamika, nikamwambia anivumilie.

Bibi alikuwa macho. Nikampasha moto, nikamkamulia ndimu, nikamuwekea mkononi. Huyu ni mtu anayeuliza bei ya kiberiti, anayeuliza ukindu wa mkeka ulitoka upande gani, ukimletea embe anauliza mwembe wa nani. Alikula vipande vitatu, polepole, anachambua miba kwa vidole.

Hakuuliza wametoka wapi.